Mdogo wangu, hesabu yako imeishia njiani

Ujumbe wako wa sauti wa Jumapili nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye basi natoka zamu ya usiku, nikauzima katikati. Unasema umeona kwenye simu kwamba mlezi wa wazee Uingereza analipwa pauni 25,000 kwa mwaka, ukazidisha mara 3,300, ukapata shilingi milioni 82 na nusu. Ukazitaja barazani kwa Mjomba, Mama akiwepo, kisha ukauliza mbele za watu: "Sasa Dada anatuma laki tano kasoro kwa mwezi, nyingine anapeleka wapi?" Na ulipomaliza hayo ukaniomba nikuongezee zitimie milioni sita umlipe wakala wa kukuleta huku, na kiwanja cha Pongwe umeshakipatia mteja.

Nakujibu kwa maandishi. Nikisema kwa sauti nitalia, na Mama atakaa siku tatu hali chakula.

Kuzidisha umezidisha sawa. Pauni 25,000 ndizo zilizo kwenye mkataba wangu: pauni 12.82 kwa saa, saa 37 na nusu kwa wiki. Lakini hela hiyo haijawahi kufika mkononi mwangu ikiwa nzima. Pauni 12,570 za kwanza hazikatwi kodi, zinazozidi hapo zinakatwa asilimia 20. Juu yake kuna bima ya taifa, asilimia 8, na mfuko wa pensheni. Kinachoingia benki kwa mwaka ni pauni 20,700 na kitu. Hapo ndipo hesabu yangu inapoanzia, wewe yako ulikuwa umeshaifunga.

Nina daftari la kava gumu, nimeanza kuliandika wiki niliyofika Sheffield, Novemba 2022. Kila peni imo. Nakunakilia ukurasa wa mwaka, na naomba umsomee Mjomba pale pale barazani uliposomea ile milioni 82.

Kodi ya nyumba ni 750 kwa mwezi, yaani 9,000 kwa mwaka. Vyumba viwili juu, sebule na jiko chini, ukuta tunachangia na majirani kulia na kushoto. Ni nyumba ya bei ya chini kwa mtaa huu, nimeitafuta miezi minne. Halmashauri inadai kodi yake mbali, hiyo haina uhusiano na mwenye nyumba: takataka, taa za barabarani, polisi, zimamoto. Yangu ni karibu 1,200 baada ya kupunguziwa robo kwa sababu mtu mzima ni mimi peke yangu ndani. Inalipwa kwa miezi kumi, Aprili mpaka Januari. Februari na Machi hulipi, na hiyo ndiyo miezi ambayo mpwa wako ananunuliwa viatu. Akitoboa kiatu Oktoba, anavaa hivyo hivyo na soksi mbili.

Maji 450. Simu na intaneti 400. Basi la kwenda kazini 900. Sare ya shule na nguo 400. Televisheni tuliyoikuta ndani nilimpa jirani mwaka wa kwanza, maana kuangalia matangazo ya moja kwa moja kunataka leseni, na mwaka 2025 leseni ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka. Pauni 174 kwangu ni chakula cha karibu mwezi mzima.

Sasa nikueleze baridi, maana nyinyi mnaiona ile ya kwenye picha. Ile ya picha nzuri. Baridi inayouma ni ya ndani ya nyumba. Huku nako kuna luku, ya umeme na ya gesi. Umeme una kifunguo chake cha plastiki, gesi ina kadi, nakwenda navyo duka la kona natiliwa pauni 20. Ikiisha usiku, mita inakukopesha pauni 10, na ukijaza kesho yake inajilipa kwanza kabla hujapata joto lolote. Tena hata usipowasha taa moja, inajikata yenyewe karibu peni 90 kila siku, umeme na gesi pamoja. Hizo ni zaidi ya pauni 300 kwa mwaka ambazo sijazichemshia hata chai. Yote kwa yote nimetenga 1,500, na ili isipite hapo, vyuma vya kupashia joto vinawaka kwa muda wa saa moja tu asubuhi na wa saa mbili tu jioni. Basi. Katikati ya hapo tunavaa.

Januari hii nilirudi nikamkuta mpwa wako mezani na koti lake la shule, kofia kichwani, anafanya hesabu na glavu nilizozikata ncha za vidole ili ashike kalamu. Ukuta wa nyuma yake una ukungu mweusi ninaoufuta kila Jumamosi, na kila Jumamosi unarudi, kwa sababu nguo tunaanikia ndani. Akaniuliza kwa adabu, kama mgeni: "Mama, leo naweza kuwasha kidogo?" Ana miaka 13. Ndani ya nyumba anayoishi anaomba ruhusa ya joto. Nilimwambia awashe, nikaenda jikoni nikasimama. Laki tano kasoro ya mwezi ule nilikuwa nimeituma asubuhi yake.

Sikuambii hivyo ili uirudishe. Nakuambia ujue inatoka wapi.

Chakula ni pauni 45 kwa wiki, 2,340 kwa mwaka. Njaa hatulali, Alhamdulillah, hilo usimpelekee Mama vibaya. Mchele nanunua gunia la kilo 10 kwenye duka la Wahindi, maharage makavu nayaloweka usiku, chapati napika Jumapili za wiki nzima. Mkate, nyama na mboga nangoja jioni. Kuna saa mfanyakazi wa supamaketi anapita na kimashine chake akibandika stika za njano kwenye vitu vinavyokaribia tarehe yake, kuku wa pauni 4 anakuwa wa pauni 1 na nusu. Watu tunamfuata nyuma tukijifanya tunasoma maandishi kwenye makopo. Siku moja niligeuka nikakutana uso kwa uso na binti wa bibi mmoja ninayemwogesha kazini. Alinisalimia vizuri sana. Lakini kesho yake aliniletea mfuko wa vyakula pale kazini, mbele ya wenzangu, na mimi niliyetoka Ngamiani, Tanga, kwa baba aliyekuwa akipikia msiba wa mtaa mzima, nikaupokea kwa mikono miwili nikasema ahsante. Nikaenda chooni nikafunga mlango.

Jumlisha sasa: nyumba, halmashauri, luku, maji, simu, basi, chakula, nguo. Inakuja 16,190. Weka 1,800 za nyumbani, hizo laki tano kasoro mara miezi kumi na miwili. Weka 1,200 za makaratasi, nitakueleza. Tumefika 19,190. Zinazobaki ni pauni 1,510 kwa mwaka mzima, kwa jino likiuma, mashine ya kufulia ikifa, safari ya shule, na msiba. Tiketi ya watu wawili kuja Tanga na kurudi inazimaliza zote. Ndiyo maana huu ni mwaka wa nne hamjaniona. Sina jibu jingine zaidi ya hilo.

Na usiseme niombe msaada wa serikali kama ulivyosikia kwa watu. Kwenye viza yangu imeandikwa sina haki ya fedha za umma. Posho ya mtoto hakuna, ruzuku ya kodi ya nyumba hakuna. Kodi nalipa sawa na wao. Hospitali ndiyo hatulipi mlangoni, na hilo nalishukuru kila siku, mwanangu alilazwa kwa pumu hakuna aliyeniuliza hela. Siwezi kuisema nchi hii vibaya halafu nikaficha hilo.

Makaratasi ndiyo kidonda changu. Baada ya miaka mitano unaomba ukaazi wa kudumu, na ada yake mwaka 2025 ilikuwa pauni 3,029 kwa mtu mmoja, mtoto naye analipiwa hiyo hiyo. Sisi wawili ilikuwa 6,058. Nilianza kudunduliza mia kwa mwezi tangu mwanzo. Mei 2025 serikali ikatangaza mpango wa kuifanya ile miaka mitano iwe kumi, tangu hapo nalala na hesabu mbili kichwani. Lakini hata wakiniita kesho, kibubu hakina kitu. Nimekila. Mwaka jana niliandika 1,800 kwa ajili ya nyumbani, nikatuma 2,940. Bati la jiko la Mama likaezuliwa, nikatuma. Mtoto wa Shangazi akakosa ada, nikatuma. Mchango wa harusi wa yule rafiki yako ambaye simjui hata sura, nikatuma, kwa sababu uliniambia utaaibika kwenye kamati. Zile 1,140 zilizozidi ni makaratasi yetu. Sikuwaambia. Nilitaka muone naweza.

Kwa hiyo kosa langu nalitaja na mimi. Ile milioni 82 uliiamini kwa sababu mimi niliilea. Picha ya theluji nilituma. Picha nimevaa koti jekundu mbele ya duka kubwa nilituma, koti nililonunua pauni 6 kwenye duka la mitumba la hisani. Picha ya glavu zilizokatwa vidole sikutuma.

Na kuna la Baba. Machi 2024, Mjomba alipopiga simu alfajiri, kwenye kibubu kulikuwa na pauni 1,100, na tiketi ya siku ile ilikuwa 940. Mazishi nisingeyawahi, wangezika kesho yake adhuhuri. Lakini matanga ningeyakuta. Nilikaa kitandani na simu, nikapiga hesabu ya sanda, chakula cha watu, hitma, deni la hospitali. Nikatuma 600. Hela ndiyo iliyokwenda kumzika Baba, mimi nikaingia zamu ya saa nane mchana. Nilisikia maneno yaliyosemwa, kwamba moyo wangu umekuwa wa Kizungu. Mdogo wangu, wewe ulikuwepo yaliposemwa hayo na ulijua ile sufuria kubwa ya pilau imetoka wapi. Ulinyamaza. Nimekusamehe, lakini ulinyamaza.

Sasa huyo wakala wako.

Anakuahidi cheti cha udhamini cha kazi ya kulea wazee kwa milioni sita. Njia hiyo kwa mtu aliye nje ya Uingereza ilifungwa tarehe 22 Julai 2025. Imefungwa, hakuna mlango wa uani. Tangu Machi 2024 hata waliopata kazi hii walikuwa hawaruhusiwi tena kuja na mke wala watoto; mimi niliwahi na mwanangu kwa bahati tu ya tarehe. Anayekuuzia leo anakuuzia karatasi. Mwulize jina la mwajiri na namba ya leseni yake ya udhamini, tazama atakavyoanza kukupigia simu za hasira. Wapo watu huku waliouza mashamba, wakafika, wakakuta hakuna saa za kazi, wanalala wanne chumbani na deni la nyumbani linawangoja. Mmoja nilimpa godoro langu la akiba.

Usije. Nakuambia kama dada yako, usije kwa njia hiyo. Ukipata nafasi ya kweli, ya masomo yanayolipiwa au ya ufundi wako wa umeme kwa mwajiri anayejulikana, njoo, nitakupokea stendi na tutabanana. Mimi mwenyewe sirudi sasa, na sitakuongopea kwamba najuta kuja. Mpwa wako anasoma, Mama hajakosa dawa ya presha hata mwezi mmoja tangu nifike. Lakini wewe una fundi mkuu anayekuamini, una chumba kisicho na ukungu, una Mama anayekuita kula. Usiviuze kwa sababu ya picha zangu.

Tena usimwombee mtu mwingine hela kwangu mwaka huu. Ila Mama akipungukiwa usingoje, nipigie hata usiku wa manane. Na Shangazi mwambie... hapana, Shangazi nitampigia mwenyewe, ada ya muhula mmoja nitajaribu, asiwaambie wengine. Michango ya harusi nimefunga. Ya kwako nitachanga, ukioa.

Tarehe 28 natuma pauni 150 kama kawaida. Dawa ya Mama kwanza, stakabadhi ya duka la dawa uipige picha unitumie. Inayobaki mpe Mama mkononi, siyo wewe. Na leo hii, kabla ya magharibi, mwambie yule mteja wa Pongwe kwamba kiwanja hakiuzwi, kisha hati umrudishie Mama aiweke kwenye sanduku lake la mbao, chini ya kanga.