Rubani mrefu kwenye RV-7: nitoe mto wa kiti?

Swali: Nina urefu wa sentimita 193, na ninaunda RV-7, ndege ndogo ya viti viwili ya kujiundia, gerejini kwangu hapa Texas. Nilipoketi kwenye ndege kama hiyo ya rafiki yangu, utosi uligusa kioo cha juu. Nimewaza kutoa mto wote niketi juu ya bati. Je, ni sawa?

Jibu: Hapana ndugu yangu, mto usiutoe. Ndege ikibamiza chini, kitu pekee kati ya bati na uti wa mgongo wako ni huo mto. Sponji laini ya makochi nayo haifai: unazama mpaka chini huku kiti kimeshasimama, halafu unakutana na bati kwa kishindo. Tafuta ile sponji nzito inayobonyea polepole, iliyobuniwa mwaka 1966 katika kazi za NASA kwa ajili ya viti vya ndege. Tabaka lake jembamba hulinda kuliko mto mnene wa kawaida, nawe unashuka sentimita kadhaa.

Ila kwanza jipime ukiwa umeketi. Watu wawili wa sentimita 193 wanaweza kutofautiana sana: mmoja ni miguu, mwingine kiwiliwili. Rudi kwenye ndege ya rafiki yako, vaa viatu na hedifoni, funga mkanda, ukae saa nzima. Dakika tano hazikuambii lolote.

Mgongo wa kiti cha RV-7 una nafasi zaidi ya moja ya kuupachika sakafuni. Kuurudisha nyuma na kuulaza kidogo hushusha kichwa, lakini fanya hesabu. Rubani wa kilo 100 akirudi sentimita 6 katika ndege ya kilo 750, kitovu cha uzito, yaani pale ndege inaposawazika, kinarudi milimita 8; kikirudi mno, ndege huwa ngumu kuidhibiti. Ni kidogo, ndiyo, ila mizigo iko nyuma yako, na matangi yako ukingo wa mbele wa mabawa: kadiri mafuta yanavyopungua, kitovu kinazidi kurudi. Piga hesabu ya matangi yakikaribia kuisha, siyo ya kuondokea tu.

Angalia pia mikanda ya mabega. Kutoka begani iende nyuma sawasawa au ipande kidogo. Ikishuka, siku ya ajali itakukandamiza uti wa mgongo, na warefu ndio hupatwa na hili.

Maumivu ya safari ndefu mara nyingi hutoka mapajani. Magoti yakiwa juu, uzito wote unaangukia makalio. Inua ukingo wa mbele wa mto mpaka paja lilale juu yake, kisha, kabla hujaushona, vuta fimbo ya usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, huku ukikanyaga pedali zote mbili kwa zamu. Ikigusa paja popote, chonga sponji na ujaribu tena.