Kuchoma calçots: kwa nini vinatoka vikavu na vigumu

Dada, umeuliza kwa nini calçots (vitunguu virefu vyembamba vyenye ladha laini) ulivyochomea kwenye makaa kule karibu na Valls, Katalunya, Hispania, vilikauka vikawa na nyuzi, na kama Aprili bado vinafaa.

Tatizo ni makaa. Calçot huchomwa kwa ndimi za moto. Wenyeji hutumia matawi makavu ya mzabibu yaliyopogolewa, yanayowaka haraka na kwa ukali. Kung'uta udongo, usimenye, panga safu moja juu ya wavu. Ganda liungue hadi liwe jeusi kabisa na mapovu yachuruzike kwenye ncha, kisha geuza. Usiogope weusi, hilo ganda linatupwa. Ukitoa, funga kwenye magazeti kwa nusu saa hivi; mvuke wake ndio unaolainisha moyo. Wengi huruka hatua hii, halafu wanalaumu kitunguu!

Aprili ndiyo mwisho. Joto la hewa likipanda, kitunguu huanza kutoa shina la maua. Kata kimoja: ukiona kijiti kigumu katikati, achana na fungu hilo, hakuna moto utakaokilainisha.

Mchuzi wa kuchovya calçots: choma nyanya 4 na kichwa kimoja cha kitunguu saumu, saga na gramu 100 za lozi zilizokaangwa, sehemu laini ya ndani ya pilipili kavu 2 za ñora (pilipili nyekundu za mviringo, zisizo kali) zilizolowekwa, siki kidogo na chumvi. Mafuta ya zeituni yamimine mwisho, polepole, la sivyo yatajitenga.

Kadiria vitunguu 20 kwa mtu.