Jiwe Likikunyima Dhahabu, Lipime Kwanza

Duara letu, yaani shimo letu la kuchimba dhahabu, lilipofika kina cha kama mita 40, jiwe lilibadilika. Juu tulikuwa tunatoa mawe mekundu yenye kutu, ukiyasaga karashani (mashine ya kusagia mawe) na kuyaosha mwaloni (sehemu ya kuoshea unga wa mawe) zebaki inashika dhahabu vizuri. Huku chini yakaja ya kijivu, magumu, yanayometameta. Maabara ikasema kuna gramu 18 za dhahabu kwa tani, lakini mwaloni hata 5 hazifiki. Tukamshuku mwenye karasha. Tukahamia kwa mwingine, ikawa vilevile. Miezi mitatu tuligombana na watu wasio na kosa.

Jiwe la juu limekaa na hewa na maji muda mrefu mno, pairaiti yake (madini ya chuma na salfa) ikaoza ikaiacha dhahabu huru. Chini haijaoza. Dhahabu imefungiwa ndani ya pairaiti au asenopairaiti (ndugu yake yenye aseniki, ambayo ni sumu) kwa chembe ambazo mara nyingine hata hadubini ya kawaida haizioni. Zebaki haishiki isichokigusa, na sayanaidi, dawa ya kuyeyusha dhahabu, haiyeyushi isichokifikia.

Kwa hiyo mchimbaji mwenzangu, usiridhike na kipimo cha jumla ya dhahabu. Omba na cha pili: unga wa jiwe uzungushwe kwenye chupa yenye sayanaidi kwa saa 24 au zaidi, kisha mabaki yapimwe tena. Hapo ndipo utajua kiasi gani kinatoka na kiasi gani kinagoma. Ulizia pia shaba, maana inakula sayanaidi, na kaboni ya asili, maana inaweza kuinyonya dhahabu iliyokwisha kuyeyuka. Ukisaga laini zaidi na namba ikapanda, shukuru, tatizo lilikuwa usagaji. Isipopanda, kuongeza dawa ni kumwaga pesa.

Njia za kulifungua jiwe hilo zipo. Mgodi wa Fairview, Barberton, Afrika Kusini, unatumia bakteria wanaokula salfaidi (madini yenye salfa kama pairaiti) tangu 1986. Wengine hutumia matanki ya joto na shinikizo kubwa. Hayo ni ya mtaji mkubwa. Kwetu kinachowezekana zaidi ni kutenganisha salfaidi kwa povu, kupata makinikia, yaani unga uliokusanya salfaidi yenye dhahabu, na kuyauza kihalali kwa mwenye mtambo, bei ikifuata kipimo.

Ila kuchoma mawe nyumbani ili yafunguke, nakusihi, usithubutu. Lipige jiwe nyundo, ulinuse. Likitoa harufu ya kitunguu saumu, hiyo ni aseniki. Sisi tulichoma kwa kuni siku mbili, na unga mweupe ukatanda kwenye bati la jiko ambalo mke wangu alikuwa anapikia. Tulilibomoa lile jiko lote.

Marudio yako, yaani mabaki ya unga uliokwisha kuoshwa, usiyauze kwa haraka. Yafunike turubai, na yaliyopita kwenye zebaki yakae mbali na mengine, kwa sababu sayanaidi huiyeyusha zebaki na kuipeleka kwenye maji. Yangu nimeyatenga kwenye viroba, kila kimoja nimekiandikia tarehe na kina cha duara.