Injini ya MGB ikiwa nje: usiirudishe bila haya

Mkuu, umeuliza ubadilishe nini kingine maadamu injini ya MGB yako, lile gari la michezo la zamani la Kiingereza, imeshashuka. Klachi nzima, hata kama pleti bado ina unene. Kwenye gari hili huifikii klachi bila kutoa injini, na relisi beringi yake (inayosukuma klachi iachie) ni ya kaboni, haina gololi, kwa hiyo inalika kila pedali inapokanyagwa. Kagua na bushi ya uma wake, mkono unaoisukuma beringi hiyo. Ikilegea, beringi inakaa upande.

Ukishatoa flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), angalia oili sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini), pete ya kuzuia oili isivuje, ile iliyokaa kwenye bati la nyuma la injini. (Injini za mwanzo, za beringi kuu tatu, hazina sili hiyo.) Pitisha ukucha mahali mdomo wa sili unapogusa krenki. Ukikwama kwenye mfereji, sili mpya usiizamishe ilipokuwa ya zamani. Isogeze kama milimita 1, sawa pande zote, mdomo upate chuma laini. Ipake oili kabla, maana ikianza kavu inaungua mapema na uvujaji unarudi. Bolti za flaiwili zikaze kwa futi-pauni 40, na vibati vya kufungia viwe vipya.

Bushi ya shaba mwishoni mwa krenki iloweke kwenye oili ya injini usiku kucha.

Fros plagi, vile vizibo vya chuma vya njia za maji kwenye bloku, ni bei ndogo, badilisha zote. Zikiwa nje, kwangua tope lililoganda kwenye njia za maji, hasa nyuma ya bloku.

Hozi ya klachi, mpira unaopitisha mafuta yake, nayo ibadilishe. Ya zamani huvimba kwa ndani, klachi ikawa haiachii.