Gari mbili kuelekea Liwale: simu ya setilaiti au redio ya upepo?

Mkuu, umesema mna Mkonga mbili (Land Cruiser), mna kazi ya kupima mipaka ya vijiji kuanzia Kilwa hadi Liwale, na fedha iliyopo inatosha kitu kimoja tu: simu ya setilaiti au redio ya upepo, ile ya kubonyeza na kuitana. Watatu waliokujibu hapo juu wamekwambia chukua setilaiti, wa nne kasema Mungu atasaidia. Mimi njia hizo nimezipita miaka tisa, kwanza nikiwa dereva wa wachimba visima na sasa kwa shughuli zangu. Nakurudishia swali: unataka kuongea na nani?

Wengi hununua kabla ya kujiuliza hilo. Aliye nyuma yako kilomita tatu na aliye ofisini Lindi mjini hawafikiwi kwa chombo kimoja. Kwa gari mbili, utakayemhitaji mara ishirini kwa siku ni huyo wa nyuma. Anza na redio.

Nilijifunza kwa kuumia. Ilikuwa Aprili, tunatoka Nangurukuru kwenda Liwale, barabara ya udongo ya zaidi ya kilomita 200. Tulikuwa na vile viredio vya mkononi, Baofeng, wati tano, kila gari kimoja, tukajiona makomandoo. Tulipoiacha Njinjo mvua ikashuka. Kioo cha nyuma kimejaa tope, sioni kitu, namwita mwenzangu, kimya. Nikasema kazima kuokoa chaji. Nilipokuja kugeuza nilikuwa nimemwacha kilomita kumi na mbili. Nikamkuta amezama hadi kwenye ekseli, yeye na utingo wamekaa juu ya kapeti ya gari, sauti imemkauka kwa kuniita.

Redio zilikuwa nzima. Tatizo ni kwamba tulizitumia ndani ya gari. Bodi ya chuma inazuia mawimbi, antena yenyewe ni kile kimpira kifupi, na pale miombo imeshona pande zote. Baadaye tulipima kwa makusudi: ndani ya gari, kwenye msitu ule, kilomita moja na nusu ilikuwa bahati.

Kwa hiyo fedha yako iweke kwenye antena kwanza. Masafa ya VHF ya karibu na megahezi 150, ambayo redio hizi hutumia, yanahitaji ufito wa nusu mita tu, huo ndio urefu wa robo ya wimbi. Ufunge katikati ya paa, kwa sababu bati la paa ni sehemu ya antena. Ukiuweka pembeni kwenye ngao ya mbele utasikika vizuri upande mmoja na vibaya upande mwingine, halafu utamlaumu aliyekuuzia redio. Antena isiyolingana na masafa hurudisha nguvu kwenye redio na kuiunguza. Mwambie fundi apime mbele yako, na kama hana kipimo tafuta fundi mwingine.

Kuhusu wati, usidanganyike. Redio ya kufungwa garini ina wati 25 hadi 50, ni nzuri, lakini kinachoamua ni kimo. Antena mbili zilizo mita mbili juu ya ardhi, kwenye tambarare tupu, zinaonana kama kilomita 12 hivi, kisha mviringo wa dunia unazikata. Weka na miti, mimi napata sita hadi nane. Lakini siku moja nilisimama Newala, pale Shimo la Mungu ambapo uwanda unakatika ghafla, nikiwa na kale kale karedio ka wati tano mkononi, nikaongea na gari yetu iliyokuwa imeshaingia bonde la Ruvuma, mbali kiasi kwamba hata vumbi lake silioni. Tangu siku hiyo, nikikosa mawasiliano sibadilishi redio, natafuta kilima.

Umeme: waya utoke moja kwa moja kwenye betri, fyuzi karibu na betri, waya wa chanya na wa hasi. Ile soketi ya kiberiti cha sigara inalegea kwenye makorongo, redio inazimika ukiwa katikati ya sentensi. Na kama siku moja mtaongeza Fuso ya mizigo, kumbuka umeme wake ni volti 24. Bila kigeuzi cha kuushusha, redio ya volti 12 utaizika siku hiyo hiyo. (Nimewahi kuizika moja. Harufu yake bado naijua.)

Halafu kibali. Masafa yanatolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, siyo ya kujichagulia kwenye vitufe. Watu wanadharau hili, lakini njia zenu zinapakana na mapori ya hifadhi, upande wa juu kuna Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na askari wanyamapori nao wako kwenye redio. Ukikutwa kichakani una redio isiyo na karatasi, umeingia kwenye masafa yao, maelezo yatakuwa marefu. Simu ya setilaiti nayo iulizieni palepale TCRA kabla ya kulipa.

Sasa hiyo setilaiti. Sisemi ni mbaya, nasema ije ya pili. Simu ya Thuraya inategemea setilaiti iliyotulia juu ya ikweta, kilomita kama elfu 36, na kwetu kusini inakaa karibu na utosini, imeelekea kaskazini kidogo. Maana yake chini ya mti mnene hupati kitu, toka uwanjani. Setilaiti za kampuni nyingine, Iridium, zipo 66, zinapita chini zaidi, kama kilomita 780, na zinatembea, kwa hiyo bondeni unaweza kukatika, ukasubiri nyingine ipite. Kuna pia vifaa vidogo vya ujumbe kama Garmin inReach vinavyotumia hizo hizo Iridium. Kwa kazi yenu ningechukua hicho kuliko simu: ujumbe mfupi unabeba mahali ulipo, na hauhitaji kupiga kelele juu ya injini. Kina kitufe cha dharura, ila kitufe hicho kinaita kituo kilichoko Marekani, nao ndio waanze kutafuta wa kumpigia Tanzania. Mimi ningemtumia ujumbe fundi wangu wa Nachingwea.

Na salio! Tulivunjika springi tukiwa na simu ya setilaiti nzima, chaji imejaa, tukaiwasha kwa mbwembwe. Vocha yake ilikuwa imeisha muda, haijaguswa hata dakika moja. Tulilala hapo usiku mbili.

Simu za kawaida msizidharau. Laini mbili za kampuni tofauti, maana kijiji kimoja kina mnara wa huyu na kinachofuata cha yule. Pa kupiga pasipokubali, meseji mara nyingi hupenya, na ukipanda kichuguu au paa la gari wakati mwingine unapata mstari mmoja. Ukiwa kandokando ya Ruvuma, zima ile ya kutafuta mtandao yenyewe, la sivyo simu itahamia Msumbiji na salio litakwenda nayo.

La mwisho halinunuliwi dukani. Kabla ya kuondoka Nangurukuru, mwachie mtu mmoja karatasi: tunapita Njinjo, Miguruwe, Zinga Kibaoni, saa fulani tutakuwa Liwale, tusiposikika hadi saa mbili usiku mpigie fulani mwenye trekta. Awe mtu anayeamka akipigiwa. Wa kwangu ni shemeji, analalamika kila safari, lakini usiku ule wa pili wa springi ndiye aliyeleta trekta.

Niambie Mkonga zenu ni za mwaka gani na paa lina keria au halina, maana keria inabadilisha mahali pa kutoboa.