Kabla hujawaondoa wahudumu wa lodge yako

Mkuu, nimesoma ulivyoeleza: lodge ya vyumba 18 pale Ilazo, wahudumu tisa, wageni wananung'unika, na unafikiria kuwaondoa wote kabla Bunge la bajeti halijaanza Aprili ili ulete vijana wenye vyeti kutoka Arusha. Kazi hii nimeifanya hapa Dodoma tangu 2011. Nilianza kwa kufua mashuka, leo nasimamia jiko na ukumbi. Nakuomba usiwaondoe. Wafundishe, tena humohumo ndani, maana kasoro uliyoieleza cheti peke yake hakiiondoi. Nililijua hilo kwa hofu kubwa.

Mwaka 2017, wizara zilipokuwa zinahamia huku, nilikuwa kwenye hoteli moja ambayo jina lake naliacha. Mchana mmoja mama wa makamo aliyekuja kikaoni akasimama mbele ya mlenda, akamuuliza kijana wetu, "Mwanangu, huu una karanga?" Yule kijana alikuwa na cheti, Kiingereza kimenyooka, sahani nne anazibeba mkono mmoja. Akajibu, "Hapana mama, hauna." Mpishi wetu ni Mgogo, na siku ile mlenda aliuunga kwa karanga kama anavyoupika nyumbani kwake. Yule mama alikula matonge matatu hivi, akaanza kujikuna shingo. Midomo ikavimba, sauti ikawa haitoki vizuri. Tukamkimbiza hospitali kwa gari la mgeni mwenzake. Alipona, namshukuru Mungu.

Usiku nikamuuliza kijana kwa nini alisema hauna. Akanijibu huku analia, "Dada, sikujua. Ila tuliambiwa mgeni hajibiwi 'sijui'."

Jibu hilo sijalisahau hadi leo. Hakuwa mvivu wala hakuwa na dharau. Alitii alichofundishwa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anaruhusiwa kusema, "Naomba dakika moja nimuulize mpishi," kisha aende kweli kuuliza. Na mpishi naye hakuwa na utaratibu wowote wa kuwaambia watu wa ukumbini ametia nini chunguni.

Kuanzia wiki ile, na kila nilipohamia baadaye, kabla ya chakula cha mchana na cha usiku tunakusanyika dakika kumi jikoni. Mpishi anafunua chungu kimojakimoja, anataja kilichomo, na wahudumu wanaonja. Hapa kwenye kuonja wenye mali wengi wanakuwa wagumu, wanaona chakula kinapotea. Jamani, mtu anayeuza mlenda, ugali wa mtama na nyama choma kila siku lakini chakula chake ni wali maharage wa nyuma ya stoo, utamtegemea amweleze nini mgeni wa Dar anayeuliza mlenda ukoje? Vyenye karanga, maziwa au mayai tunaviandikia karatasi mbele ya sufuria.

Sisemi vyuo havina maana. Nimefanya kazi na waliotoka chuo cha hoteli na utalii cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, pale Njiro, Arusha, na wengine wa Chuo cha Taifa cha Utalii. Mikono yao imefundwa, na kijana akiomba nafasi ya fildi mpokee. Ila wengi fildi zao wamezifanya kwa wageni wa mbuga za kaskazini. Mgeni wetu ni mtumishi aliyekuja na masurufu, yaani fedha za safari za ofisi anazotakiwa kuzitolea hesabu, mjumbe wa semina, mzazi aliyefuata mahafali UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Huyo mtumishi ukimpa risiti ya mkono badala ya ile ya EFD, mashine ya risiti za kodi, au ukakosea jina la ofisi yake, umemharibia marejesho ya masurufu yake na hatakuja tena, hata kama taulo umezikunja umbo la bata. Fundisha mapokezi risiti kabla ya tabasamu. Fundisha pia kusema ukweli wa maji. Mtaa wenu kuna siku yanakatika, basi mgeni aambiwe anapopokea ufunguo na ndoo aikute imejaa, asigundue akiwa na povu kichwani.

Tena tangu Julai 2024, treni ya SGR kutoka Dar ilipoanza kufika Dodoma, mtu anaweza kuja kikaoni asubuhi na usiku akalala kwake Dar. Anayebaki kulala anabaki kwa kuwa amependa.

Jambo jingine ni kuujua mkoa. Jumamosi mgeni anauliza aende wapi, mapokezi wanamjibu "hapa hakuna kitu", nami naumia kila nikilisikia. Michoro ya miambani ya Kondoa imo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006! Niliwahi kuomba gari, nikawapeleka wenzangu watano Kolo, iliko michoro hiyo. Tulijiandikisha ofisini, tukapewa mwongozaji, tukapanda hadi kwenye miamba. Binti mmoja wa vyumba, mzaliwa wa Kondoa, alisimama mbele ya wale watu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, akasema hakuwahi kufika. Sasa wageni wakiuliza, yeye ndiye anayeitwa kuwaeleza. Zabibu za Makutupora ni hivyohivyo: wapeleke wakaone shamba, wajue mvinyo wanaoumimina umeanzia wapi.

Kuhusu vyeti, kama unavitaka kwa ajili ya zabuni za semina, wahudumu ulionao wapo karibu navyo kuliko unavyodhani. VETA wana urasimishaji wa ujuzi kwa walioupata kazini: fundi au mpishi anapimwa kwa kazi anayoijua, anaelekezwa palipopungua, akifaulu anapewa cheti bila kuanza kozi upya. Mpishi wangu, darasa la saba, alikipata baada ya miaka 14 jikoni. Nenda ofisi yao hapa mjini uulize ratiba. Ada umlipie wewe, usimkate mshahara.

Na yule dada wa mapokezi uliyesema anajibu simu ovyo, kaa naye kaunta siku mbili kamili bila kumkaripia, usikie anaulizwa nini. Nilikuwa na wa namna hiyo, ananyamaza kwenye simu mpaka mgeni anakata. Nilipokaa naye nikakuta hajui bei ya chumba cha vitanda viwili. Ilikuwa imebadilishwa mara mbili na hakuna aliyemwambia, kila akiitaja anafokewa na mmoja wa mabosi. Bei tuliiandika tukaibandika chini ya kaunta asubuhi ileile, na mchana akapokea simu ya watu sita wa semina, akawapangia vyumba mwenyewe.