Kalenda yetu ya matembezi Mwanza: mwezi, mvua na upepo

Jikoni kwetu Buzuruga kuna kalenda ya ukutani niliyoichora kwa kalamu nyekundu. Siku za mwezi mpevu nimezizungushia duara, siku za giza, usiku usio na mwezi, nimeziwekea msalaba. Hiyo ndiyo ratiba ya matembezi ya familia yetu. Nina watoto watatu, wa miaka 12, 8 na 4, na tunaishi na bibi yao, mama yake baba watoto, mzaliwa wa Magu. Kabla ya kuulizana twende wapi au tuna shilingi ngapi, huwa tunaulizana kwanza Ziwa Victoria likoje wiki hii.

Mwezi unaingiaje hapo? Dagaa huvuliwa kwa taa. Wavuvi huingia ziwani jua likizama, zamani na karabai, siku hizi na taa za sola, na dagaa hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, taa inakosa nguvu, na wavuvi wengi hupumzika. Ukimpeleka mtoto mwaloni Igombe, wavuvi wanakoshusha samaki, asubuhi ya wiki hiyo, atakuta mitumbwi imelazwa mchangani na watu wanashona nyavu. Mpeleke wiki ya giza, mfike saa 12 na nusu asubuhi, aone mitumbwi inavyoingia, ndoo zinavyopokelewa, na akina mama wanavyomwaga na kutandaza mpaka mchanga unageuka rangi ya fedha. Mtoto wangu wa pili aliuliza kama wale wote walivuliwa usiku mmoja. Mama mmoja alimwita, akampa ufagio, akamwonyesha namna ya kuwageuza bila kuwavunja. Tulikaa pale saa mbili nzima, na mpaka leo dagaa wakiwekwa mezani yeye ndiye anayewaeleza wenzake walikotoka.

Mwaloni ni mahali pa kazi za watu. Ingieni kwa salamu, watoto waamkie shikamoo, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, msisimame kwenye njia ya wabebaji, na mkiondoka nunueni hata kisado kimoja. Safari hii hufaa zaidi kiangazi, Juni hadi Septemba. Masika dagaa hawakauki vizuri, harufu inakuwa kali, na wenye mali wanahangaika kuokoa mtaji wao. Wakati huo waacheni. Na msishtuke mkiona wingu kama moshi limesimama juu ya maji katika siku hizo za giza. Ni wadudu wadogo wa ziwani. Hawaumi, ila mtoto afunge mdomo na kufumba macho likipita.

Juni ina jambo lingine ambalo nisingependa mzazi yeyote wa huku alikose. Bujora, njia ya Musoma, unashuka Kisesa, kuna makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Baada ya sikukuu ya Ekaristi hufanyika Bulabo, mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma vinavyoshindana. Tarehe hubadilika kila mwaka kwa sababu sikukuu yenyewe inafuata Pasaka, basi ulizeni mapema. Kila upande unavuta watazamaji kwake, na watazamaji wakihamia upande wa pili, upande ulioachwa umeshindwa. Kuna bugobogobo, ngoma ya majembe, na kuna wacheza nyoka wanaoingia uwanjani na chatu. Mwaka wa kwanza tulikosea kwa kumwacha bibi nyumbani, tukidhani jua litamchosha. Watoto walirudi na maswali ambayo sisi wawili tulishindwa kuyajibu. Mwaka uliofuata tulimbebea kigoda na mwavuli, na yeye ndiye aliyewaambia watoto majina ya ngoma, nani alikuwa fundi zamani, na kwa nini jembe linarushwa hewani. Kitinda mimba alijifunza siku ile kuamkia "mwangaluka", na hajaacha. Kama mna mzee anayeweza kutembea, msiende Bujora bila yeye. Makumbusho yenyewe yako wazi hata nje ya Bulabo, na ni mahali pazuri pa kwenda siku ya mawingu.

Agosti tunakwenda Nane Nane, viwanja vya Nyamhongolo. Nendeni siku za mwanzo, kwa sababu tarehe 8 yenyewe msongamano ni mkubwa na mtoto mdogo haoni kitu zaidi ya miguu ya watu.

Kisiwa cha Saanane, kilichokuwa bustani ya wanyama tangu 1964 na kupandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, kinafaa karibu mwaka mzima ilimradi iwe asubuhi. Boti inaondokea karibu na Capri Point na safari ni ya dakika chache tu. Bebeni vitambulisho vya uraia ili mlipe kiwango cha Mtanzania, na msitegemee kulipa kwa pesa taslimu. Chakula kiwe kwenye hotpoti au kikapu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, na tumbili wa kisiwani wanajua kabisa kilichomo mfukoni. Watoto wangu hupenda kuwasaka mijusi wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu juu ya majabali. Wahesabuni.

Nimesema asubuhi, na ninasisitiza. Upepo wa ziwa huanza kupata nguvu mchana, na mawimbi ya alasiri si ya kumpandisha mtoto mtumbwi. Sisi wa huku hatuhitaji kukumbushwa MV Bukoba ya 1996 wala MV Nyerere ya Septemba 2018, iliyobeba watu kupita uwezo wake ikazama ikikaribia Ukara. Mwenye boti akikosa jaketi okozi la saizi ya mtoto wako, rudini nyumbani. Niliwahi kuwarudisha watoto wakilia kutoka ukingoni mwa maji, tumeshalipa nauli, na ningefanya hivyo tena kesho.

Masika, Machi hadi Mei, matembezi yetu yanafupishwa. Majabali yanaota ukungu wa kijani na kuteleza, na radi za Mwanza si za kuzisubiri ukiwa juu ya jiwe. Siku ikifunguka tunapanda kivuko cha Kamanga, tunavuka, tunakula mahindi ya kuchoma ng'ambo, tunarudi. Ni hayo tu, na watoto wanaona Jiwe la Bismarck, lile jabali maarufu la ziwani, kutoka majini. Bibi naye aliomba apelekwe Daraja la Kigongo–Busisi baada ya kufunguliwa Juni 2025. Maisha yake yote alikuwa akilala foleni ya kivuko pale. Kilomita 3 za daraja alizipita kimya, amekamata mkono wa mjukuu wake mkubwa.

Serengeti kwa siku moja inawezekana kwa kuingilia lango la Ndabaka, pale Lamadi. Ila subirini kiangazi. Udongo mweusi wa upande ule ukilowa, gari linazama.

Sasa niseme jambo lililotuumiza. Matembezi yetu ya kwanza kabisa tuliwaacha watoto wachezee maji penye matete, mchana kweupe, sehemu iliyotulia. Tuliona ndipo salama kwa sababu hapakuwa na mawimbi. Miezi michache baadaye mkubwa akaanza kulalamika tumbo, na kisha choo kikawa na damu. Vipimo vikaonyesha kichocho. Konokono wanaobeba vimelea hupenda maji kama yale yale, yaliyotulia, yenye magugu, na vimelea hupenya kwenye ngozi bila mtoto kuhisi chochote. Tulipewa prazikwanteli, dozi ikapimwa kwa urefu wake, akapona. Kumbe wadogo zake nao walihitaji kupimwa. Usikimbilie kupima siku ya pili baada ya kuoga ziwani, kwa maana minyoo huchukua wiki kadhaa kukomaa na kutaga mayai. Pima baada ya miezi miwili hivi, na siku dawa za kichocho zinapogawiwa shuleni mtoto asikose.

Ndiyo maana Desemba, wageni wakishuka kutoka Dar es Salaam na nguo zao za kuogelea, ninawakalisha kwanza na maembe. Ninawaambia wazi kwamba ziwa letu ni la kulitazama, la kupanda boti na la kula sato wake, na anayetaka kuogelea tutamtafutia bwawa la hoteli. Mwaka jana wifi yangu alinuna. Asubuhi yake kalenda ilikuwa na msalaba mwekundu, nikamwamsha saa 11, tukaenda naye Igombe. Alirudi na visado vitatu vya dagaa na simu iliyojaa picha, na mwaka huu ameshauliza giza linaanza lini.